Picha kali si kipimo cha gemu ya mbio za magari

Kwenye vibanda vya gemu pale Mwanga, Kigoma, vijana wengi husifia gemu ya mbio za magari kwa picha zake: bodi inavyong'aa, matone ya mvua kiooni. Hicho si kipimo. Gemu inayoiga uendeshaji halisi hupimwa kwa matairi. Ukikanyaga breki, uzito uhamie mbele, matairi ya nyuma yawe mepesi, na usukani ukupe dalili mkononi kabla gari halijaserereka. Aliyeendesha kwenye barabara ya udongo mvua ikinyesha ananielewa. Grand Prix Legends ya 1998, inayoiga msimu wa Formula One wa 1967, ina picha za kizamani kabisa, lakini fizikia yake bado inaheshimiwa. Ningewawekea hiyo kwanza.