Danaë wa Gentileschi mnadani: dhana potofu na ukweli wake

Tarehe 28 Januari 2016, nyumba ya mnada ya Sotheby's mjini New York ilinadi picha ya mwanamke aliyejilaza kitandani, mkono ameuinua kuelekea mvua ya dhahabu. Ni Danaë, kazi ya Mwitaliano Orazio Gentileschi, aliyoichora kwa rangi za mafuta huko Genoa mwanzoni mwa miaka ya 1620. Turubai lake lina upana wa zaidi ya mita mbili. Picha kama hii ikipanda mnadani, watu huijadili sana, na mengi yanayosemwa si kweli.

"Huyu ni mwanamke anayejiuza, si unaona sarafu zinamwangukia?"

Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana linamhukumu mtu aliyekuwa mfungwa. Katika hadithi za Wayunani, Mfalme Akrisio wa Argos aliaguliwa kwamba mjukuu wake ndiye atakayemuua. Basi akamfungia binti yake Danaë katika chumba cha shaba ili asionane na mwanamume yeyote. Zeu, mkuu wa miungu, akapenya kwa sura ya mvua ya dhahabu, Danaë akashika mimba, akazaliwa Perseo. Miaka mingi baadaye Perseo alirusha kisahani michezoni, kikampiga babu yake akafa. Uaguzi ukatimia.

Ni kweli wako waliosoma hadithi hiyo kama onyo juu ya nguvu ya dhahabu, kwamba hakuna mlango usioufungua. Lakini wako pia waandishi wa Kikristo wa zama za kati waliomfananisha Danaë na Bikira Maria, kwa kuwa alichukua mimba pasipo kuguswa na mwanamume. Gentileschi naye hakumchora mtu anayehesabu pesa. Mtoto mwenye mabawa, Kupido mungu wa mapenzi, anavuta pazia. Dhahabu inashuka, vipande vingine vimejikunja kama maranda ya seremala. Na Danaë ameukunjua mkono kama mtu aliyeona mwanga baada ya giza refu. Tazama pia shuka lile jeupe na mikunjo yake. Wachache wamechora kitambaa kama Gentileschi.

"Picha ya uchi haiwezi kukaa nyumba moja na picha za dini." Aliyeagiza Danaë, tajiri wa Genoa Giovan Antonio Sauli, aliagiza kwa mchoraji huyohuyo Lutu na Binti Zake na Magdalena Mwenye Kutubu. Zote tatu zilikuwa za nyumba yake.

"Ipo nyingine Cleveland, kwa hiyo mojawapo ni ya kughushi." La hasha. Jumba la makumbusho la Cleveland kweli lina Danaë inayofanana sana na hii, lakini kughushi ni kudanganya kuhusu aliyeichora kazi. Mchoraji wa karne ya 17 aliyepata mteja wa pili alirudia kazi yake bila aibu yoyote. Gentileschi alikuwa na desturi ya kunakili mistari ya picha yake ili aitumie tena; Lutu wake pia yumo Berlin na Ottawa. Wataalamu wakitafuta iliyotangulia, huangalia kwa eksirei mahali mchoraji alipobadili mawazo: mkono uliosogezwa, kitambaa kilichofutwa. Anayerudia kwa kawaida hasiti hivyo. Pia hufuatilia historia ya umiliki, yaani nani alimwachia au kumuuzia nani tangu mwanzo.

Hapo ndipo lugha ya katalogi, yaani kitabu cha orodha ya vitu vinavyonadiwa, inapohitaji macho makali. Jina la mchoraji likiandikwa peke yake, nyumba ya mnada inasema kazi ni yake. "Inadhaniwa kuwa ya" ni kauli ya tahadhari. "Karakana ya" maana yake ni mikono ya wasaidizi wake. "Mfuasi wa" anaweza kuwa mtu asiyewahi hata kuonana naye. "Baada ya" ni nakala. Neno moja tu hapo hushusha bei kutoka mamilioni hadi maelfu, ingawa macho yako yanaona mwanamke yuleyule na dhahabu ileile. Kwa hiyo anayedhani kila picha ya zamani ni ghali anakosea: umri peke yake hautoshi.

"Bei ya nyundo ndiyo anayolipa mnunuzi." Bei ya nyundo ni ile ya mwisho iliyotajwa ukumbini, mnadi anapogonga nyundo kufunga mnada. Kwa Danaë, nyundo iligongwa kwa dola milioni 27. Juu yake kukaongezwa ada ya nyumba ya mnada, ambayo wakati ule ilikuwa asilimia 25 kwa dola 200,000 za kwanza, asilimia 20 hadi kufikia milioni 3, na asilimia 12 kwa kiasi kilichozidi hapo. Jumla ikawa dola 30,490,000. Na nyumba ya mnada kwa kawaida ni dalali tu: mali ni ya muuzaji, na isipofikia bei ya chini waliyokubaliana kwa siri, hurudi kwa mwenyewe.

La mwisho ni kwamba kila picha inayopigwa mnada hupotelea kwenye ghala la bilionea. Nyingi huishia huko kweli. Danaë alinunuliwa na jumba la makumbusho la Getty, Los Angeles, ambalo tangu 1998 lilikuwa na Lutu na Binti Zake, ileile ya nyumba ya Sauli. Picha mbili zilizoagizwa na mtu mmoja Genoa sasa ziko tena chini ya paa moja.