Kunde au choroko? Maswali ya akina baba na akina mama wa Mtwara

Kunde na choroko si kitu kimoja?

Si kimoja, ila ni ndugu wa karibu. Wataalamu wa mimea wanaziweka zote katika jenasi ya *Vigna*, pamoja na njugumawe. Kunde asili yake ni Afrika, choroko zilitoka Bara Hindi. Mbaazi ni wa mbali kidogo.

Mke wangu ni mjamzito. Nimnunulie zipi?

Mimi ningenunua kunde. Gramu 100 za kunde zilizopikwa zina foleti (vitamini ya kundi B inayosaidia kutengeneza damu) kama maikrogramu 208 na madini chuma miligramu 2.5. Choroko zina foleti 159, chuma 1.4. Protini hazijaachana sana: gramu 7.7 kwa 7. Mjamzito anahitaji foleti maikrogramu 600 kwa siku, kwa hiyo vidonge vya kuongeza damu vya kliniki aendelee navyo.

Kuna jambo wengi tunaliharibu wenyewe. Chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida, na chai ya rangi inayoshushiwa chakula hukizuia zaidi. Chai isubiri saa moja au mbili. Akamulie ndimu kwenye mboga, au ale embe baada ya mlo, chuma kitaingia vizuri zaidi.

Mbona mnasisitiza sana kunde huku kwetu?

Kwa sababu ya ugali wa muhogo. Unashibisha, lakini protini yake ni kidogo mno kuliko hata ya mahindi. Mtoto anayekula ugali huo na mchuzi mtupu anashiba huku mwili unakosa cha kujengea.

Maji Newala ni ya kutafuta, na kuni ghali. Nitaloweka kunde kila siku?

Hapo choroko zinashinda. Huiva upesi bila kulowekwa. Kwa nyumba yenye shida hiyo, choroko zinazopikwa mara nne kwa wiki ni bora kuliko kunde za Jumapili tu. Ukiloweka kunde, mwaga maji ya kulowekea, yanabeba sehemu ya sukari zinazojaza gesi tumboni. Maji ya kuchemshia usiyamwage: foleti imeyeyukia humo. Tia nazi, yawe mchuzi.

Nimebakiwa na kunde za mbegu zilizotiwa dawa. Nikiziosha vizuri?

Hapana, hata ukizichemsha mara tatu. Usimpe kuku pia. Ziweke mbali na watoto, zisubiri mvua.