Shiti za Zamani Hazijakosea Mita 300

Kila mapathoni, yaani mkutano wa kuchora ramani kwa pamoja, ina mtu wake. Chai haijaisha, ameshafungua laptop, amelaza skani ya shiti (karatasi ya ramani) ya zamani ya 1:50,000 juu ya picha ya satelaiti, anaita wenzake waje waone: barabara imepita katikati ya mashamba, shule imekaa mtoni. "Wakoloni walikuwa wanakisia tu!" Wote kicheko. Mimi nimechoka kucheka.

Jamani, kwenye shiti ya 1:50,000 mita 300 ni milimita 6. Watu waliopima pembetatu kutoka kilele hadi kilele, wakachora mistari isiyofika nusu milimita, wakosee milimita 6? Tena shiti baada ya shiti, tena upande uleule?

Ni datamu, yaani umbo la dunia na mahali kitovu chake kilipowekwa, ambako koordineti zote huanzia. Shiti hizo, za Tanzania na za Kenya, nyingi ziko kwenye datamu ya Arc 1960, na umbo la dunia lililotumika ni Clarke 1880. Simu yako na OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ziko kwenye datamu nyingine, WGS84. Ukieleza hivyo utaambiwa, "Aa, kumbe walidhani dunia ni kubwa zaidi." Hapana. Nusu kipenyo cha ikweta kinapishana mita 112 tu. Kinacholeta balaa zaidi ni vitovu vya maumbo hayo mawili: vimeachana kwa mita kama 340, sehemu kubwa ikiwa kwenye mhimili wa kaskazini-kusini. Kwa hiyo ukichukua koordineti za UTM (gridi ya mita) za Arc 1960 ukaidanganya programu kwamba ni WGS84, shiti ya Dar es Salaam inapanda kaskazini karibu mita 300 na kusogea magharibi karibu mita 100.

Dawa yake ni fupi. Kwenye QGIS, programu ya ramani, kwa kanda ya 37 kusini ya UTM, chagua namba ya mfumo EPSG 21037 (Arc 1960) badala ya 32737 (WGS84). Basi.

Sasa yale ambayo vitabu huyapitia harakaharaka. QGIS ikikuuliza utumie mageuzi gani kutoka datamu moja kwenda nyingine, usibonyeze OK kama anayekubali masharti ya mkopo wa simu. Kuna namba tatutatu za kusogeza kitovu, mita kwa kila mhimili: kuna za Kenya pekee (-157, -2, -299), kuna za Tanzania pekee (-175, -23, -303), na kuna za wastani wa nchi zote mbili (-160, -6, -302), ambazo waliozitoa wenyewe waliziwekea shaka ya mita 20 kila upande. Ipi ni ya kweli? Kwa kweli hakuna. Mtandao wa zamani wa vituo vya upimaji una mikunjo yake, na namba tatu haziwezi kuinyoosha yote. Nikiwa Tanzania natumia za Tanzania; nikifika Namanga nabaki nakuna kichwa. Kwa shiti ya 1:50,000 si neno, mita 20 ni chini ya nusu milimita. Lakini kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 umeshahamia kwa jirani, kwa hiyo usinipigie simu kuhusu bikoni zako ukiwa na skani na simu tu. Tafuta mpima ardhi aanzie kwenye vituo vilivyo karibu.

Kabla hujalaumu mtu, angalia mwelekeo. Kila kitu kimesogea upande mmoja kwa kiasi kilekile: datamu. Kona moja imekaa sawa na nyingine imekwenda: karatasi imejikunja au umefunga skani vibaya kwenye koordineti. Mto peke yake umehama: mto umehama. Na milimani, kama Usambara, hata picha ya satelaiti yenyewe huteleza mita kadhaa, ingawa hiyo hakuna anayeicheka.

Ninachoomba tu, usichore kijiji OpenStreetMap kutoka kwenye shiti ambayo hujaigeuza datamu. Mwingine atakuja kupanga visima juu yake. Na wewe unayeskani na kupandisha mtandaoni, acha kukata pembezoni ili ramani "ipendeze". Datamu imeandikwa hukohuko chini.