Uimara wa utando kwenye mtambo wa haidrojeni ya kijani

Chemshia chai birika moja hapa Dodoma kwa mwezi mzima bila kulisugua, kisha chungulia ndani. Utakuta gamba jeupe limeganda chini, hata kijiko hakilibandui. Ni kalsiamu na magnesiamu. Maji ya visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, ni magumu. Birika linavumilia, utando wa mtambo wa haidrojeni hauvumilii.

Haidrojeni ya kijani hupatikana kwa kupasua maji kwa umeme wa jua au upepo. Katika aina moja ya mitambo hiyo, kati ya elektrodi mbili, yaani vipande vinavyoingiza umeme kwenye maji, hukaa utando wa plastiki maalumu, ambao mara nyingi haufiki unene wa robo milimita. Unapitisha protoni, yaani chembe za haidrojeni zenye chaji chanya, na unazuia haidrojeni isikutane na oksijeni. Uimara wake ni muda unaoendelea kufanya kazi hizo mbili vizuri. Kutochanika peke yake si uimara. Muda huo huhesabiwa kwa saa: 80,000 ni kama miaka 9 ya kuwaka usiku na mchana.

Kalsiamu ikipenya, inakalia nafasi za protoni, na mtambo unakula umeme mwingi zaidi kwa kazi ileile. Chuma ni kibaya kuliko hiyo. Chembe zake huchochea kemikali kali zinazokata minyororo ya plastiki kidogo kidogo, na floraidi iliyotoka kwenye plastiki hiyo inaondoka na maji. Ndiyo maana mafundi hupima floraidi kwenye maji yanayotoka: ikipanda, utando unaliwa, hata kama kwa macho uko salama.

Utando ukikonda, haidrojeni huvujia upande wa oksijeni. Ikifika asilimia 4 hivi, mchanganyiko unaweza kulipuka. Na hapa jua letu lina mtego wake: wingu likipita, umeme unashuka, oksijeni inayozalishwa inapungua, lakini uvujaji hauishi, hivyo asilimia inapanda. Utando mnene ungesaidia, ila unapoteza umeme zaidi kuwa joto.

Kilo 1 ya haidrojeni inahitaji angalau lita 9 za maji safi kabisa, yaliyoondolewa chumvi zote. Anayepanga mtambo kanda hii aanze na bajeti ya kusafisha maji, kabla ya paneli. Tena akague mabomba yaliyo baada ya chujio: kipande kimoja cha chuma chenye kutu kinarudisha uchafu uleule uliokwisha kulipiwa kuondolewa.