Betri za akiba na chaja ya tundu mbili: yanayosemwa dukani na yaliyoandikwa kwenye lebo

Mpiga picha wa harusi akiingia Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta betri za akiba, hutoka na betri mbili, chaja ya tundu mbili na mafundisho ya bure. Baadhi ya mafundisho hayo yalikuwa sahihi enzi za betri za nikeli-kadmia. Mengine hayajawahi kuwa sahihi, ila yanasaidia kuuza. Betri ya kamera ya leo ni ya lithiamu-ioni, aina iliyoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991, na mengi unayohitaji kuyajua kabla ya kulipa yamechapwa kwa herufi ndogo mgongoni mwa betri na mgongoni mwa chaja. Shida ni kwamba macho yetu huishia kwenye namba kubwa ya mbele.

“Chukua yenye mAh nyingi, ndiyo inayokaa”

“Kaka, hiyo yako ni 1865, hii 2650, na bei ni nafuu. Sasa unafikiria nini tena?” Hapo wengi hutoa hela.

mAh, yaani miliampia-saa (1000 ni sawa na ampia-saa moja), peke yake ni nusu ya habari. Nishati iliyomo ndani ya betri hupatikana kwa kuzidisha volti na ampia-saa, na jibu huandikwa kwa wati-saa, yaani Wh. Chukua betri ya LP-E6N ya Canon: volti 7.2, mAh 1865. Ukizidisha 7.2 kwa 1.865 unapata kama Wh 13.4. LP-E6 ya kwanza ilikuja na kamera ya EOS 5D Mark II mwaka 2008 ikiwa na mAh 1800, na LP-E6NH ikatoka mwaka 2020 pamoja na EOS R5 ikiwa na mAh 2130. Kwa hiyo mtengenezaji mwenyewe, kwa umbo lilelile, alihitaji miaka 12 kuongeza mAh 330. Halafu kuna kiwanda kisicho hata na jina kinachodai 2650 ndani ya ganda hilohilo, kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wanne. Teknolojia husonga, sikatai, lakini si kwa kasi hiyo.

Geuza betri ufanye hesabu palepale kaunta. Ukikuta imeandikwa 7.2V, 2600mAh, halafu pembeni 14Wh, mojawapo ya namba hizo ni ya uongo, kwa sababu 7.2 mara 2.6 ni karibu 18.7. Mara nyingi aliyebandika lebo alikumbuka kukuza namba ya mbele akasahau ya nyuma. Kipimo cha pili ni uzito. Betri za jamii ya LP-E6 huwa na gramu 80 hivi, na NP-FZ100 ya Sony gramu 83. Mizani ndogo ya dijitali ya jikoni inatosha. Betri inayojigamba kuwa na uwezo mkubwa kuliko orijino huku ni nyepesi kuliko orijino kwa gramu 15 au 20 imejieleza yenyewe.

“Isiyo ya kampuni ni feki”

Hapa watu huchanganya vitu viwili. Feki ni betri inayojiita Canon au Nikon ilhali haikutoka huko. Betri ya kampuni nyingine iliyoandikwa jina lake waziwazi si feki. Ni bidhaa mbadala, na kuna mbadala nzuri na mbadala mbovu. Binafsi naiogopa zaidi “orijino” ya bei ya kutupa kuliko mbadala yenye jina linalojulikana na duka litakalonibadilishia ikizingua.

Kasoro ya kweli ya mbadala ni mawasiliano. Betri nyingi za kamera zina chipu inayoieleza kamera asilimia iliyobaki na hali ya afya ya betri. Chipu ikiwa ya kubahatisha, kamera itatoa onyo kwamba haiwezi kuwasiliana na betri, au itaonyesha asilimia 60 kisha izime ghafla, pengine bibi harusi ndio kwanza anashuka kwenye gari. Kwa hiyo betri mpya ijaribiwe nyumbani mpaka iishe kabisa mara moja, ili ujue namba zake zinaaminika kiasi gani. Wala usiishangae betri iliyokubali vizuri jana kukataliwa baada ya kuboresha programu ya kamera. Hilo hutokea kwa mbadala.

“Tundu mbili, basi inachaji mara mbili haraka”

Hii ndiyo dhana inayouza chaja nyingi zaidi, na ndiyo inayostahili kukaliwa kitako.

Chaja nyingi za tundu mbili za kisasa hazichomekwi ukutani moja kwa moja. Zinapokea umeme kwa waya wa USB, na mgongoni zimeandikwa INPUT 5V 2A, yaani wati 10. Wati hizo 10 ndizo zote zilizopo. Ukiweka betri moja inazipata zote, ukiweka mbili zinagawana, kama bomba moja linalojaza ndoo mbili.

Sasa linganisha na chaja ya tundu moja iliyokuja na kamera. LC-E6 ya Canon hutoa volti 8.4 na ampia 1.2, karibu wati 10 kwa betri moja, na hujaza LP-E6 kwa saa 2 na nusu hivi. Betri mbili, moja baada ya nyingine, ni saa 5. Chaja ya tundu mbili ya wati 10 ina kazi ya kujaza takriban Wh 27 kwa jumla. Toa kiasi kinachopotea kama joto, kumbuka pia kwamba lithiamu-ioni hupunguza kasi ya kupokea inapokaribia kujaa, na utakuta ni saa 4 hivi. Unaokoa muda, ndiyo, lakini si nusu. Faida yake kubwa ni kwamba huamki saa nane za usiku kubadilisha betri.

Na hayo yote ni kama kichwa cha chaja ulichochomeka ukutani kinatoa hizo ampia 2. Wengi wetu tunachukua kile kidogo cha simu ya zamani kilichoandikwa 5V 1A, au tunachomeka kwenye kompyuta. Hapo wati zimekuwa 5 au pungufu, na saa 4 zinakuwa 8. Asubuhi taa bado nyekundu, chaja inatukanwa, kumbe kosa ni la kichwa. Kabla hujairudisha chaja dukani, soma OUTPUT ya kichwa chako, kisha badilisha na waya pia, maana waya mwembamba mrefu nao hula umeme.

Kuna upande mzuri wa hii USB ambao kwetu una uzito wake: umeme ukikatika, chaja hiyohiyo inakula pawabenki, au tundu la USB la gari. Chaja ya ukutani haina ujanja huo. Ndiyo maana sishauri mtu aiweke kabatini ile iliyokuja na kamera. Ukizitumia zote una tundu tatu, na betri unayoitegemea zaidi iende kwenye ile ya kampuni.

“Betri mpya ichaji saa 12 kwanza, na usiichaji mpaka iishe kabisa”

Urithi wa nikeli-kadmia, betri zilizokuwa na tabia ya kupoteza uwezo zikichajiwa kabla ya kuisha. Lithiamu-ioni haina tabia hiyo. Ichaji ikiwa asilimia 40, ichaji ikiwa 70, haidhuriki. Ikijaa, chaja nzuri husimama yenyewe, kwa hiyo hizo saa 12 hazina cha kuongeza. Kinachoiumiza kweli ni joto. Betri iliyojaa ikiachwa kwenye dashibodi ya gari mchana wa Mombasa au Dar inazeeka upesi kuliko ile inayofanya kazi kila wikiendi. Ukijua hutapiga picha kwa miezi kadhaa, ziache zikiwa karibu na nusu, mahali penye ubaridi. Na ikianza kuvimba kiasi cha kuingia kwa kulazimisha, imekwisha. Usiichaji tena, na usiitoboe.

“Ikiingia kwenye kamera, inafaa”

Umbo linaweza kufanana huku kazi zikitofautiana. EN-EL15 ya zamani ya Nikon inaingia kwenye kamera ya Z6 na inapiga picha bila tatizo, ila huwezi kuichaji ikiwa ndani ya kamera kwa USB. Kwa hilo unahitaji EN-EL15b au 15c. EOS R5 nayo inakubali LP-E6N, lakini kwa kasi kubwa kabisa ya kupiga picha mfululizo inaitaka LP-E6NH. Andika jina zima, mpaka herufi ya mwisho, kabla ya kutuma fedha.

“Ukiangalia kwenye kitundu cha jicho unaokoa chaji”

Kwenye DSLR, yaani kamera zenye kioo ndani, sawa, kwa kuwa pale unaona kwa kioo. Kamera zisizo na kioo zina skrini ndogo ndani ya kile kitundu, nayo inakula. Sony a7 III imepimwa picha 710 kwa skrini ya nyuma na 610 kwa kitundu. Vipimo hivyo ni vya CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani. Anayepiga mfululizo hupata picha nyingi zaidi ya hizo, anayerekodi video ukumbini betri humwishia mapema mno. Kwa video hesabu betri kwa dakika, achana na idadi ya picha.

“Kwenye ndege, weka betri kwenye sanduku kubwa”

Kinyume chake. Betri za akiba na pawabenki husafiri kwenye begi la mkononi, kwa sababu moto ukianza juu wahudumu wanaweza kuuzima, kwenye shehena chini si rahisi. Kikomo cha kawaida ni Wh 100 kwa betri bila kuomba idhini ya shirika, na hizi zetu za Wh 13 hadi 16 ziko mbali nacho. Muhimu ni kufunika ncha za chuma za kupitishia umeme kwa kifuniko chake au hata selotepu, zisigusane na funguo wala sarafu.

“Chaja kutoka Marekani itaungua kwetu”

Soma mgongoni. Ikiwa imeandikwa INPUT 100-240V 50/60Hz, na nyingi za kamera zimeandikwa hivyo, haihitaji transfoma. Inahitaji adapta ya pini tatu tu. Ya USB ndiyo kabisa, maana unatumia kichwa chako mwenyewe, ilimradi kiwe cha ampia 2 na kuendelea.