Saa Ilitangazwa Inapima Presha na ECG, Mbona Kwangu Hakuna? Maswali na Majibu

Malalamiko ya wenye saa janja yanafanana: tangazo lilisema inapima presha, ECG, oksijeni, wengine hadi sukari, na saa ikifika mkononi kipimo hakipo, au kipo lakini kimeandikwa "hakipatikani katika eneo lako".

Boksi limeandikwa ECG, lakini kwenye saa siioni. Nimeuziwa feki?

Huenda saa ni halisi kabisa. Kabla ya kumrudia muuzaji, igeuze uichunguze. ECG hupima umeme wa moyo, na ili umeme huo usomeke lazima mikono yote miwili ihusike: mgongo wa saa uguse mkono ulioivaa, na kidole cha mkono wa pili kiguse chuma cha pembeni. Kwenye Apple Watch ni kile kitufe cha kuzungusha, kwenye Galaxy Watch ni kitufe cha ubavuni. Saa isiyo na mahali pa kugusa kwa mkono wa pili haitapima ECG hata ukiisasisha kila wiki.

Chuma kikiwepo na kipimo kikakosekana, kilichofungwa ni programu. Angalia mambo manne, kwa mpangilio huu.

Simu kwanza, kwa sababu ndiyo inayowaponza wengi. ECG na presha za Samsung hupitia programu iitwayo Samsung Health Monitor, na hiyo hufanya kazi kwenye simu za Galaxy tu. Ukiiunganisha Galaxy Watch na Tecno, Infinix au Xiaomi utapata hatua, usingizi na mapigo ya moyo, basi. Pili ni nchi: Samsung hutaka saa na simu ziwe zimenunuliwa katika nchi ambayo huduma imeruhusiwa, na huduma inaweza kuzuiwa ukisafiri kwenda nchi isiyo na kibali. Tatu ni umri. ECG za Apple na Samsung ni za watu wa miaka 22 na kuendelea, na kuna watu wazima wanaofungiwa kwa sababu waliingiza tarehe ya kuzaliwa ya uongo walipofungua akaunti. Mwisho ni sasisho, la saa na la simu pia. Kusasisha kimoja hakutoshi.

Kwa nini kampuni itangaze kitu ambacho hakijawa tayari?

Kwa sababu kifaa huwa tayari kabla ya kibali. Saa ikihesabu hatua ni bidhaa ya kawaida. Ikianza kusema "moyo wako unapiga bila mpangilio", sheria huitazama kama kifaa tiba, na kampuni hudaiwa ushahidi wa majaribio kwa wagonjwa. Kibali chenyewe hutolewa na kila nchi kivyake: Marekani ni FDA, Korea Kusini wana mamlaka yao, Ulaya ina utaratibu wake. Tanzania vifaa tiba viko chini ya TMDA, Kenya viko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Soko likionekana dogo, kampuni haiharakishi kupeleka maombi.

Apple ilitangaza ECG ya Series 4 Septemba 2018. Wamarekani waliipata Desemba mwaka huo, na nchi kadhaa za Ulaya zikasubiri hadi Machi 2019. Galaxy Watch Active2 ilizinduliwa Agosti 2019 ikiwa na vyuma vya ECG tayari, lakini mnunuzi wa Marekani aliitumia mwaka mzima bila kipimo hicho, hadi kibali kilipotoka 2020. Kipimo cha presha cha Samsung kilipata kibali Korea Kusini Aprili 2020, kisha kikaenea nchi moja moja.

Kuchelewa kwa ajili ya kibali kuna sababu ya haki. Kisichokuwa cha haki ni kuandika jina la kipimo kwa herufi kubwa usoni mwa boksi, halafu "kulingana na nchi" kwa herufi za siafu upande wa chini. Mteja analipa leo kwa ahadi isiyo na tarehe.

Nililetewa Apple Watch kutoka Marekani. Kipimo cha oksijeni kipo kwenye saa ya mwenzangu, kwangu hakifanyi kazi. Kwa nini?

Hapo tatizo ni kesi ya hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake; kibali cha afya hakihusiki. Kampuni ya vifaa tiba ya Masimo ilishitaki kuhusu teknolojia ya kupima oksijeni, na kuanzia Januari 2024 Apple ikawa inauza Marekani saa zenye sensa ileile lakini kipimo kikiwa kimezimwa. Fungua mipangilio ya saa, sehemu ya maelezo ya kifaa, usome namba ya toleo: ikiishia na LW/A, saa yako ni ya kundi hilo. Agosti 2025 Apple ilileta njia mpya kwa saa hizo nchini Marekani: saa inachukua data, iPhone ndiyo inayopiga hesabu, na matokeo yanasomwa kwenye programu ya Afya ya simu. Kwa hiyo usiyatafute kwenye kioo cha saa.

Mtaani kuna mafundi wanaoweka programu iliyochezewa ili kufungua presha na ECG. Niweke?

Tunashauri usiweke. Programu hiyo utaipa ruhusa ya kusoma taarifa zako zote za afya, na aliyeichezea humjui. Isitoshe, sasisho la kawaida likija inaweza kukatika, na wengi huacha kusasisha simu ili isikatike, jambo linaloacha milango mingine wazi.

Presha ikifunguka kihalali, je, naweza kuachana na mashine ya mkanda?

Hapana, utaihitaji. Saa nyingi hazipimi presha moja kwa moja. Taa za kijani chini ya saa humulika ngozi, sensa husoma jinsi damu inavyojaa na kupungua kwenye mishipa midogo kwa kila pigo, halafu programu hukadiria presha kutokana na umbo la wimbi hilo. Ili ukadiriaji uwe na mahali pa kuanzia, Samsung hukutaka upime mara tatu kwa mashine ya mkanda wa juu ya kiwiko, uingize namba hizo, na urudie zoezi hilo kila baada ya siku 28. Ukikosea kuingiza namba, au mashine yako ikiwa mbovu, saa itaendelea na kosa hilohilo mwezi mzima kwa utulivu kabisa.

Saa chache hupima kwa kubana mkono kweli, kama Omron HeartGuide na Huawei Watch D, ambazo zina mfuko mdogo wa hewa ndani ya mkanda. Ni nene kidogo, na mkono lazima uwe usawa wa moyo wakati wa kupima.

Tahadhari ya presha ya Apple, iliyotangazwa Septemba 2025, ni kitu kingine tena. Haitoi namba yoyote. Hukusanya data kwa siku 30 na kukuarifu ikiona dalili za presha ya juu ya muda mrefu. Kutoarifiwa hakumaanishi presha yako ni nzuri, na ukiarifiwa hatua inayofuata ni mashine ya mkanda.

Lakini saa ya bei poa ya Kariakoo au Luthuli Avenue inapima presha, oksijeni na sukari hapohapo, bila masharti. Si bora hiyo?

Hiyo ndiyo ya kuogopa. Saa iliyokosa kipimo inakera tu. Saa inayotoa namba za kubuni inaweza kumfanya mtu aache dawa.

Ipime mwenyewe. Funga saa kwenye taulo lililokunjwa au chupa ya maji, kisha bonyeza presha. Ikikupa 118/76, umeshajua. Ila angalia usichanganye mambo: saa nzuri pia inaweza kuonyesha mapigo ya moyo kwenye taulo, kwa kuwa programu yake hutafuta mwanga unaobadilika kwa mpangilio na wakati mwingine hudanganyika. Mapigo kwenye taulo ni kosa la sensa. Presha kwenye taulo, tena nzuri ya kupendeza, ni uongo. Jaribio la pili: badilisha umri kwenye programu kutoka 30 hadi 70, upime tena ukiwa umekaa vilevile. Namba zikiruka pamoja na umri, saa inasoma fomu uliyojaza, haisomi mishipa yako.

Na sukari bila kuchoma kidole?

Februari 2024 FDA ilitoa onyo: haikuwa imeidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kupenya ngozi. Anayekuuzia saa ya namna hiyo akisema inapima sukari, muulize kibali ni cha nani.

Saa inaweza kuonyesha sukari kihalali kwa njia moja, yaani ikipokea namba kutoka kwenye sensa iliyobandikwa mwilini, kama FreeStyle Libre au Dexcom, yenye uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi. Hapo saa ni kioo tu cha kusomea.

Kwa asiye na sensa, glukomita, ile mashine ya kupima sukari kwa tone la damu, inabaki palepale. Osha mikono kwa sabuni na maji, ikauke. Spiriti peke yake haiondoi vizuri utamu wa embe uliobaki kidoleni, na utamu huo hupandisha namba. Choma pembeni mwa ncha ya kidole, ambako huuma kidogo kuliko katikati. Vijiti vya kupimia vikae kwenye kopo lake, kifuniko kimefungwa, na usitumie vilivyopitwa na tarehe. Kwa anayetumia insulini, namba chini ya 3.9 mmol/L ni sukari iliyoshuka, inatakiwa kushughulikiwa papo hapo. Kumwachia saa ya kubahatisha mtu huyu ni hatari ya maisha.

Basi wakati nasubiri kipimo changu kifunguliwe, nipimeje presha?

Nunua mashine ya kidijitali ya mkanda wa juu ya kiwiko, na kabla ya kulipa pima mzunguko wa mkono wako kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi ya kawaida ni ya sentimita 22 hadi 32. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, presha husomeka juu kuliko ilivyo, na watu huanzishiwa dawa kwa kosa hilo.

Nusu saa kabla ya kupima, usinywe kahawa wala chai kali, usivute sigara, usifanye kazi ya kutoa jasho. Nenda haja ndogo, kwa maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, egemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu isipishane, utulie dakika tano bila kuongea wala kuperuzi simu. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya shati, ukingo wake wa chini uwe sentimita 2 au 3 juu ya kikunjo cha kiwiko. Mkono uulaze mezani, usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, namba hupanda.

Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati. Fanya hivyo asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku saba, uandike zote kwenye daftari, hata usizozipenda. Siku ya kwanza iondoe kwenye hesabu, kisha tafuta wastani wa zilizobaki. Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi ni wa kupeleka kwa daktari. Kliniki kiwango kinachotumika sana ni 140/90. Ukiona 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, upande mmoja wa mwili kulegea, kushindwa kuongea au kuona ukungu, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usisubiri kurudia vipimo.

Oksijeni ya saa inasoma 91, na mimi sina shida yoyote. Niogope?

Kwanza tulia na urudie. Saa ipande kidogo juu ya kifundo cha mkono, ibane bila kuumiza, mkono ulale mezani, kiganja kikitazama chini. Baridi, tatuu, saa iliyolegea na mkono unaotikisika vyote vinaweza kushusha namba. Kwa watu wazima wenye mapafu mazima, kawaida ni 95 hadi 100.

Kwa wasomaji wenye ngozi nyeusi kuna upande mwingine wa kujua. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba vipimo vya oksijeni vya kidoleni hospitalini vilishindwa kugundua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Saa nazo hutumia mwanga kupita kwenye ngozi. Kwa hiyo mtu anayehema kwa shida, midomo ikibadilika rangi, apelekwe hospitali hata kama saa inaandika 96.

ECG ya saa inaweza kugundua mshtuko wa moyo?

Haiwezi. Kwa sekunde 30 inautazama moyo kutoka upande mmoja, na kinachotafutwa ni mapigo yanayopapatika bila mpangilio, yale saa inayaandika AFib. Hospitali hutumia ECG ya pande 12. Kifua kikibana huku saa ikisema mdundo ni wa kawaida, amini kifua.

Nikienda kununua, niulize nini?

Mwambie muuzaji aiunganishe saa na simu yako wewe, si yake, na akuonyeshe kipimo unachokitaka kikifanya kazi pale dukani. Akisema "kitakuja kwenye sasisho", nunua tu ikiwa ungeitaka saa hiyo hata bila kipimo hicho. Soma namba ya toleo na nchi iliyokusudiwa kwenye boksi. Risiti iandikwe kipimo ulichoahidiwa kwa jina, na masharti ya kurudisha. Ukishindwana naye, Tanzania kuna Tume ya Ushindani, Kenya kuna Mamlaka ya Ushindani, na risiti yenye maneno hayo pamoja na picha ya tangazo ndivyo utakavyoulizwa.