Jenereta mpya haizoeshwi kwa kunguruma bure

Hapa Lamu wengi huamini jenereta mpya ya petroli lazima ingurume siku nzima bila kuunganishwa na chochote, ati ndiyo "izoee". Sivyo. Ringi za pistoni, yaani pete za chuma zinazoizunguka pistoni, hukaa sawasawa kwenye silinda kwa msukumo wa gesi, na msukumo huo huja injini ikibeba mzigo, yaani ikiendesha vyombo vya umeme. Ikinguruma bure muda mrefu, kuta za silinda hung'aa kama kioo na injini huanza kula oili. Iunganishe na taa, feni, kisha friji, ukibadilisha mzigo bila kufika kikomo.

Oili ya kwanza imwage baada ya saa 20 hivi: ina unga wa chuma. Kabla ya kuwasha, angalia kijiti cha kupimia oili. Jenereta nyingi huuzwa bila oili. Na tafadhali, isiwekwe ndani ya nyumba zetu za mawe, hata uani. Moshi wake huua.